Nilimlaani Mwimbaji Nisiyemwelewa

Ndugu zangu, nawasalimu kwa jina la Yule aliyenishika mkono wakati mimi sitaki kushikwa. Sifa zote ni zake! Wengi wenu mnaniita Mama Furaha. Zamani niliitwa Mama Fiston, na leo nitawaambia kwa nini watu waliacha kuniita hivyo.

Mimi ni mshonaji, nakaa Rosettenville. Nilitoka Bukavu na Fiston mgongoni. Furaha alizaliwa hapa Johannesburg, halafu baba yao akarudi nyumbani na hatukumwona tena. Watoto walikua na Kiingereza na Kizulu. Kiswahili changu walikielewa, lakini walinijibu kwa lugha ya shule, na mimi Kiingereza changu ni cha kazi tu: rangi, kipimo, njoo Ijumaa. Tulikula meza moja bila kuongea mambo ya moyoni.

Alipofika miaka kumi na sita, Fiston akampenda mwimbaji mmoja wa Marekani, wa hip hop, wale wanaoimba kama wanaongea. Alimpenda sana. Alitafuta kila kitu alichorekodi mtu yule, kuanzia nyimbo za ujana wake, zenye kukwaruza kwa sababu alizirekodi chumbani kwao, mpaka albamu ya saba. Kila Jumamosi alifanya kazi kwenye spaza, duka dogo la mtaani, ili apate kununua CD, akazipanga chini ya kitanda kwa kufuata miaka. Mimi nilisikia kelele. Tusi moja la Kiingereza nalijua, na tusi hilo lilikuwemo.

Kanisani nilikokuwa nasali wakati ule tulifundishwa kwamba muziki wa namna hiyo huwafungulia mapepo mlango. Mwaka 2016 Fiston alifeli darasa, akawa mkimya, akaacha ibada. Nikasema, adui nimeshamjua. Nikazitoa zile CD, nikazivunja moja moja kwa mkasi wa kukatia kitambaa. Aliingia nikiwa katikati ya kazi hiyo. Hakunizuia. Alisimama mlangoni mpaka nikamaliza, kisha akasema, “Sharp, Ma,” kama mtu anayeaga dukani, akachukua begi lake akaondoka.

Alikwenda Berea, akakaa na vijana wenzake sita katika chumba kimoja. Nilisema njaa itamrudisha. Ndugu zangu, kutoka kwangu mpaka Berea ni taxi mbili tu! Miezi minane sikuzipanda. Akashikwa na kifua, akakohoa wiki nyingi, na mimi sikujua. Wenzake waliponipigia simu alikuwa amelazwa. Nilipofika hospitali, kitanda chake kilikuwa kimeshatandikwa upya.

Tulimzika. Wenzake waliniletea koti lake, simu yake na daftari moja. Nikavifungia kabatini. Hapo ndipo watu walipoanza kuniita Mama Furaha, ili wasinitoneshe kidonda.

Sasa sikieni kifungo changu. Sikujilaumu mimi. Nilimlaumu yule Mmarekani. Kila asubuhi nilipiga magoti nikamwomba Mungu amuue. Nilimtaja jina! Nikisikia sauti yake ndani ya taxi, nilishuka popote nilipo, hata kwenye mvua. Kazi ikaniharibikia, nikakata gauni la bibi harusi vibaya, mama yake akalia mbele yangu na mimi sikuona huruma. Nikaja kusali hapa kwenu, nikakaa kiti cha nyuma, nikaimba mapambio na chuki yangu nikiwa nayo.

Siku moja nikamsikia Furaha anaosha vyombo huku anaimba kwa sauti ya chini. Ulikuwa wimbo wa mtu yule. Nilimpiga kofi, nikamwambia, “Na wewe utakufa.” Nilimwambia hivyo mtoto wa miaka kumi na miwili niliyemzaa mwenyewe. Tangu siku ile aliacha kuongea nami, ila Kizulu kidogo cha lazima. Alianza kukunja nguo zake na kuziweka kwenye begi, na mimi nilikuwa nimeshaona begi la namna hiyo.

Wakati huo dada mmoja Mkenya wa kanisa hili, Dada Njeri, afanyaye kazi benki, alileta gauni nimpunguzie kiuno. Alikuwa mgeni, hakuyajua mambo yangu. Aliuliza nina watoto wangapi, na mimi nikamwaga yote, laana na kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa upole, “Mama, kwani huyo mtu alimwambia nini Fiston?”

Miaka yote ile, ndugu zangu, sikuwahi kuelewa hata mstari mmoja!

Jumamosi iliyofuata akarudi, tukawasha simu ya Fiston. Zile nyimbo zote alikuwa amezitafuta upya. Dada Njeri alisimamisha wimbo, akanieleza kwa Kiswahili, akaendelea. Kuna nyimbo alizozikataa, akasema, “Hizi, Mama, sitazitafsiri.” Sisemi zile nyimbo ni takatifu. Lakini kwenye albamu za kwanza yule mwimbaji alikuwa kijana anayejisifu kwa sababu anaogopa. Ya nne aliifanya baada ya kumzika kaka yake. Ya mwisho hajisifu tena, anaongea taratibu, anasema amechoka na hajui amwambie nani. Nilikaa na sindano mkononi, nikajua mwanangu aliyasikiliza hayo chumba cha pili, nami niko mezani nashona.

Tulisikiliza hivyo kila Jumamosi, na Jumamosi ya sita nikalitoa daftari. Ukurasa wa kwanza aliandika “Ya Mama.” Alikuwa anageuza wimbo mmoja kwa Kiswahili, ule ambao mtu yule anamwambia mama yake kwamba ana hofu. Herufi zimekosewa, na penye neno asilolijua ameacha nafasi. Nikakumbuka kuna siku aliniuliza neno fulani Kiswahili chake ni nini, nikamwambia asinisumbue, nina kazi.

Nilianguka chini. Dada Njeri alipiga magoti kando yangu, akaomba peke yake mpaka nikaweza kusema, “Bwana, ni mimi. Siyo yule, ni mimi. Nisamehe.” Kisha nikamtaja yule mwimbaji jina, nikamwombea uzima. Ile laana ilitoka kifuani mwangu, na haijarudi mpaka leo!

Kumbe Furaha alikuwa amesimama mlangoni. Nilimwomba msamaha nikiwa bado sakafuni. Hakunikumbatia. Alisema, “Nimesikia, Mama,” akaenda chumbani, akatoa nguo kwenye begi.

Mungu amenisamehe, lakini Fiston hajarudi, na kuna siku bado naumwa moyo tangu asubuhi hadi jioni. Nashukuru hata hivyo. Namshukuru Bwana kwa Dada Njeri, na kwa huyu binti niliyeachiwa. Ndugu yangu uliyekaa na chuki kwenye kiti cha nyuma, nakijua kiti hicho. Mwamini Yesu, mpe chuki hiyo. Na kama mtoto wako yuko hai, ukitoka hapa usipike kwanza. Kaa naye, umwulize anasikiliza nini, na umwache akueleze mpaka amalize.