Hakutoka Kwenye Kiti

Dada yetu mkubwa, tunayemlaza leo, alizaliwa tarehe 14 Juni 1961, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga. Alikuwa na maneno tangu utotoni. Baba alikuwa akisema, "Huyu akinyamaza, mwiteni daktari."

Alimaliza sekondari mwaka 1979, akasomea uendeshaji wa redio, akaajiriwa kwenye kiwanja kidogo cha ndege. Kazi yake ilikuwa kuongea na marubani walioko angani. Mmoja wao alizidisha maongezi, na mwaka 1985 wakafunga ndoa.

Mchana wa tarehe 3 Aprili 1991, mawingu mazito yalifunika kiwanja mumewe akiwa njiani kurudi. Dada akamwita, "Usishuke, geuka!" Redio ikawa kimya. Aliita mpaka sauti ikamkauka. Shemeji hakusikia neno. Akashuka, akagonga mlima.

Ukweni wakasema dada alitoka kwenye kiti akaenda kupiga soga. Jamani! Akarudi darasani, akajifunza habari za jua, akapata ukweli: saa ile jua lililipuka, na mlipuko wa namna hiyo huziba redio za masafa marefu upande wote wa dunia wenye mchana. Viwanja vingine navyo vilikuwa kimya. Alipompelekea mama mkwe habari hizo, akajibiwa, "Siku ile jua hata halikuonekana. Unalisingizia jua?" Akafungiwa mlango.

Aliendelea kufundisha vijana wa redio. Walimtania, "Mama, leo jua limeamkaje?" Akisema limenuna, marubani walingoja chini. Waume wa wenzake walirudi nyumbani. Wa kwake hakurudi, na dada hakuzoea kamwe.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2019, akafariki tarehe 2 Mei mwaka huu. Ombi lake lilikuwa moja tu: azikwe ubavuni mwa mumewe. Tulikwenda ukweni tukapiga magoti, watu wazima na mvi zetu. Wakakataa. Ndiyo maana tumemleta huku, peke yake, na roho zinatuuma.

Ameacha binti mmoja, wajukuu wawili, na sisi wadogo zake watatu. Mama mkwe yu hai; hakuja. Atakayemwona amwambie: hakutoka kwenye kiti. Aliita, akaita, na hakuna aliyemjibu.

Dada, tumekusikia. Sasa nyamaza, upumzike kwa amani.