Dkt. Yoramu Matonya, Mtafiti wa Tepe za Sumaku (1971–2025)

Marehemu Dkt. Yoramu Matonya alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 hapa Msalato, mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Zablon na mama Lea, ambao wote wametangulia. Alianza darasa la kwanza mwaka 1979, akasoma mpaka akapata shahada ya uzamivu ya fizikia ughaibuni mwaka 2006. Alirudi na begi moja la nguo na matatu ya vitabu.

Kuanzia mwaka 2007 alifundisha chuo kikuu hapa Dodoma. Utafiti wake ulihusu tepe za metali yenye sumaku, nyembamba kuliko unywele. Aliuweka utepe ndani ya kisanduku cha shaba, akapitisha mawimbi kama ya jiko la maikrowevu, huku akiongeza nguvu ya sumaku kidogo kidogo. Ikifika kiwango fulani, utepe na mawimbi hutikisika kwa mwendo mmoja, utepe huyameza, na mstari kwenye kompyuta huzama ghafla. Aliutazama mstari huo miaka kumi na minane, mara nyingi akiwa peke yake.

Aprili 2016 alikuja kwenye sendofu ya mpwa wake Debora akiwa na utepe mmoja ndani ya bahasha. Dada yake Penina aliuona unang'aa, akafungia zawadi ya masufuria. Marehemu alingoja mpaka keki ikakatwa, ndipo akaufungua taratibu.

"Dada, huu ukishapindwa hausahau," alisema, wala hakukasirika.

Baada ya wiki moja alipiga simu: "Ule utepe wa zawadi ya Debora, mstari wake umezama mahali pengine kabisa. Njoo uone."

"Nitakuja tukishavuna."

Tulivuna mara tisa.

Marehemu hakuoa. Aliposa mwaka 2009, posa ikakataliwa, na hakuizungumzia tena.

Aliugua figo tangu Agosti 2023. Alikwenda kwa bajaji kusafishwa damu, na alituficha miezi mitano. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi.

Ameacha mpwa mmoja, wajukuu wawili kwa mpwa huyo, na mfanyakazi mwenzake Dkt. Naima Masudi, aliyempelekea uji hospitalini. Ameacha pia dada mmoja, Penina, ambaye ni mimi ninayesoma.

Yoramu, mdogo wangu, uliniita nami sikuja. Bwana akulaze pema, na akupe huko mtu wa kuketi nawe.