Pumzisha Mkono, Esmailin

Benchi ni langu. Nalisema hili mapema kwa sababu wanaume wanaolikalia kila asubuhi mbele ya duka langu hapa Baní wamekwisha kujisahau, wanajiona kama wamelirithi kwa babu zao. Mimi ndiye Mireya, mwenye duka, mwenye birika, mwenye sukari. Wao wana midomo tu. Kuna Don Nelo, tunayemwita Jicho, mzee aliyezunguka kisiwa kizima akizisakia klabu za Marekani vijana wa kurusha mpira wa besiboli; anasema akimwona kijana anavyoshuka kwenye pikipiki tu, anajua atafika wapi. Kuna Wilkin, tunayemwita Desimali, anayefanya kazi kwenye kambi ya mazoezi, na haendi hata msalani bila rada yake ya kupimia kasi ya mpira. Kuna Chepe wa pikipiki ya abiria, asiyejua besiboli wala kunyamaza. Na kuna Mecho, kocha, ambaye asubuhi ninayoisimulia nilimpa kahawa akaiacha ipoe. Mecho akiacha kahawa ipoe, ujue mambo yameharibika.

Kilichomkosesha raha ni Esmailin. Huyu ni mtoto wa milimani, Ocoa huko, kwenye viazi na vitunguu, ambako besiboli wanaisikia redioni. Mecho alimwona sokoni anapakia magunia, mrefu hana mwisho, akamwomba mama yake amwachie kwa miaka miwili. Akampa kitanda kwake, akampa chakula, akampa glavu. Sasa miaka hiyo imekwisha. Jioni ileile mtu wa klabu alikuwa anakuja kumtazama kwa mara ya mwisho, na mama mtu naye alikuwa njiani anashuka. Klabu ikikataa, anarudi na mwanawe viazini. Mtoto mwenyewe hataki kurudi, na mimi sitaki arudi, maana nimemzoea. Shida ni moja: anarusha kwa nguvu, lakini mpira hauendi anakoutuma.

Wakati huo Esmailin alikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye ukuta wa kanisa, anaua muda kwa kuangusha kungu kwa mawe, matunda ya mkungu wa kanisa ambao matawi yake yanavuka barabara mpaka juu ya benchi. Kungu moja ikaviringika mpaka kwenye kiatu cha Mecho.

Mecho: Esmailin, pumzisha mkono. Jioni una kazi.

Esmailin: Naupumzisha, kocha.

Jicho: Mwache mtoto, yuko sawa. Nimeshawaambia, mtazameni makalio. Mrushaji anaanzia makalioni, mkono unamalizia tu. Huyu makalio anayo.

Desimali: Don Nelo, hakuna mpigaji aliyetolewa nje na makalio. Rada inasema maili themanini na sita kwa saa. Wenzake wa umri wake wanagonga tisini. Halafu mpira wake hauzunguki, unamfikia mpigaji umechoka kama mimi Jumatatu.

Jicho: Hiyo rada yako imewahi kwenda kwao? Mimi nikitaka kumjua mrushaji naenda nyumbani kwao. Namtazama baba yake mabega, namtazama mama yake vifundo vya mikono. Nakula nao, naondoka, nimeshajua.

Desimali: Baba yake huyu si alifariki?

Jicho: Ndiyo maana kazi imekuwa ngumu.

Chepe: Mimi nasema mtoto ana mapenzi. Mtu mwenye mapenzi mpira unamponyoka. Mimi mwenyewe nilipokuwa namtaka Yudelka niligonga ukuta wa benki mara mbili.

Mimi: Ulikuwa umelewa, Chepe.

Chepe: Kwa mapenzi, doña.

Nikawaongezea kahawa ili wapate nguvu ya kuendelea kusema upuuzi. Ng'ambo kule jiwe likapanda, kungu ikashuka. Hakuna aliyegeuka. Sauti ile tulishaizoea tangu asubuhi, kama feni.

Desimali: Tatizo ni kwamba namba zangu hazitoshi. Nikipata namba za usingizi wake, nikapata anavuta pumzi mara ngapi kabla ya kurusha, nikampima na vidole, kila kidole peke yake, nitawaambia kosa liko wapi.

Jicho: Vidole? Nilimjua mrushaji kule Azua bila hata kumwona. Nilikuwa nyuma ya nyumba yao nikamsikia anatafuna muwa. Nikasema, huyu anafika. Taya zake zilikuwa na mwendo.

Desimali: Akafika?

Jicho: Alikwenda kusomea unesi. Lakini angefika.

Chepe: Nyie wote mmekosea uwanja. Yaani uwanja wenyewe umekosewa. Mtoto amekulia milimani, kila siku anaangalia milima. Hapa mmemgeuzia bahari. Anarusha huku roho inaangalia nyuma. Geuzeni uwanja.

Mimi: Tugeuze uwanja.

Chepe: Si lazima wote, doña. Pale anaposimama tu.

Jicho akaguna, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kukalia benchi langu, nikamwona anafikiria jambo alilosema Chepe. Hapo nikajua tumefika pabaya.

 Mecho alikuwa anaigeuza glavu ya Esmailin mapajani, anaikanda kanda ngozi yake kwa kidole gumba.

Mecho: Nimemfundisha kila kitu nilichofundishwa. Nimembadilisha mguu, nimembadilisha bega, nimembadilisha anavyoushika mpira. Anatii kila kitu. Hajawahi kunibishia hata siku moja. Lakini kila nikimtazama naona kama kuna kitu kiko palepale na mimi sikioni.

Jicho: Kingekuwepo ningekiona.

Desimali: Kingekuwepo ningekipima.

Palepale kungu ikaanguka kutoka juu, ikagonga ukingo wa benchi, ikaingia kwenye kikombe cha Jicho. Kahawa ikamrukia shati jeupe.

Jicho: Mwambie huyo mtoto aache. Haki ya Mungu, nimekuja kunywa kahawa, si kupigwa mabomu.

Mecho: Esmailin, nimesemaje kuhusu mkono?

Esmailin: Naupumzisha, kocha.

Niseme ukweli, hata mimi sikugeuka. Nilikuwa natafuta kitambaa cha kumfutia mzee.

Gari la Ocoa likasimama kwenye kona, akashuka mama mmoja mfupi, kofia ya majani kichwani, viatu vya kanisani miguuni. Kwapani alikuwa na mfuko mkubwa wa turubai, mtupu, umekunjwa vizuri. Nikaijua kazi yake mara moja, ni wa kubebea nguo za mtoto, na moyo wangu ukashuka. Mecho alisimama akavua kofia.

Mecho: Doña Ramonita. Karibu, mama. Huyu ndiye mama yake Esmailin.

Wanaume wakasogea wote, wakampa nafasi kwenye benchi langu bila kuniuliza. Nikammiminia kahawa iliyobaki, na Jicho akaanza kuvichunguza vifundo vya mikono yake hata kabla ya kumsalimu. Mama hakumwona. Alikuwa anamtazama mwanawe kule ng'ambo, anatabasamu.

Ramonita: Bado hajaacha kuangusha matunda ya watu. Nyumbani majirani walikuwa wananiletea kesi kila Jumapili.

Mecho: Anacheza tu, mama. Nimemwambia apumzishe mkono, jioni anatazamwa.

Ramonita: Mkono upi?

Mecho: Wa kurushia. Wa kulia.

Mama akamgeukia kama mtu aliyeambiwa kwamba huku mjini watu wanakula supu kwa uma.

Ramonita: Wa kulia? Kwa nini wa kulia?

 Chepe akafungua mdomo, akaufunga, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Tukageuka sote, tena pole pole, kama watu wanaoogopa watakachokiona.

Esmailin aliinama, akachagua jiwe, akaliacha, akachagua jingine. Akainuka. Mkono wake mrefu ukaenda nyuma, ukazunguka, ukaachia, laini kabisa, kama mtu anayefungua pazia asubuhi. Kule juu, kwenye tawi la mwisho ambalo hata mtunza kanisa halifikii kwa mti mrefu, kungu moja ikang'oka peke yake, zilizo jirani zake hazikutikisika. Mkono wenyewe ulikuwa wa kushoto.

Jicho akasimama. Magoti yake yalilia, tukayasikia.

Mecho: Esmailin. Njoo hapa, mwanangu.

Mtoto akavuka barabara anapangusa vumbi. Alipomwona mama yake akamkumbatia, kisha akauona mfuko kwapani, akarudi nyuma hatua moja.

Mecho: Wewe unatumia mashoto?

Esmailin: Ndiyo, kocha.

Mecho: Miaka miwili. Mbona hukuniambia?

Esmailin: Siku ya kwanza ulinipa glavu, inaingia mkono wa kushoto tu. Sasa mkono wa kushoto ukiwa ndani ya glavu, nitarushia nini? Nikajua ndivyo mnavyocheza huku chini.

Mecho akaitazama ile glavu mikononi mwake kana kwamba imemtukana. Akasema mtoto amekula mezani kwake siku zote hizo, kijiko mkono wa kushoto, na yeye amekaa mbele yake anamhubiria mambo ya bega la kulia. Mimi nikakumbuka anavyonifagilia hapa mbele ya duka, anavyoshika ufagio. Nikaona aibu, nikajifanya napanga vikombe.

Chepe: Samahani, mimi sijui. Mashoto ni jambo baya?

Jicho: Baya? Wapigaji wamezoea mpira uje kutoka upande ule. Wa mashoto anautoa upande huu, wanababaika. Klabu zinawatafuta hawa kwa tochi mchana kweupe. Na mimi nilikuwa naye hapa ananitilia kungu kwenye kahawa.

Mecho alikuwa ameshavuka barabara na glavu yake nene ya kudakia. Akachuchumaa, ukuta wa kanisa nyuma yake. Esmailin akasimama upande wetu, mikono mitupu, maana glavu ya kumwenea mkono wa kulia haipatikani mtaa mzima. Desimali akatoa rada. Jicho akasogea nyuma ya mtoto, akafumba jicho moja.

Mpira wa kwanza ulipita juu ya ukuta ukaingia kwenye bustani ya padre. Mbwa akabweka. Chepe akaufuata. Mama Ramonita akamwambia mwanawe neno moja tu.

Ramonita: Kungu.

Mpira wa pili ulitua ndani ya glavu ya Mecho na glavu haikusogea. Wa tatu hivyohivyo. Wa nne Mecho akaihamishia glavu chini, kwenye kona, mpira ukaifuata huko huko. Mlio wake ulimtoa kinyozi dukani kwake na wembe mkononi. Mimi besiboli naijua kwa kuisikia tu, lakini mlio ule ulinifanya niweke birika chini.

Jicho: Ngapi? Desimali, nakuuliza wewe, imeandika ngapi?

Desimali: Sijui, mzee.

Jicho: Hujui vipi? Rada si unayo mkononi?

Desimali: Nilikuwa namtazama mtoto.

Nikacheka mpaka nikashika mlango. Jicho, adui wa rada, akamnyang'anya ile mashine na kuitikisa sikioni kama saa iliyokufa.

Mecho akarudi na macho mekundu, akasema ni vumbi la ukutani. Akatoa simu akampigia mtu wa klabu, akaiweka kwa sauti ya juu sote tusikie. Akamwambia asije jioni, aje msimu ujao, kuna mrushaji wa mashoto ndiyo kwanza anaanza.

— Anaitwa nani? simu ikauliza.

Mecho: Esmailin.

— Yule wa Ocoa? Huyo si nimeshamwona mara mbili?

Mecho: Hapana, hujamwona.

Akakata simu, akamgeukia mama. Hakumpamba kwa maneno, na kwa hilo nampenda. Alimwambia huenda mtoto asifike popote, mkono ule haujafundishwa kitu, wanaanza upya kama watoto wachanga, na makosa yote ya nyuma ni yake yeye Mecho. Akaomba aachiwe mpaka msimu ujao.

 Mama akamgeukia mwanawe.

Ramonita: Unataka?

Esmailin: Nataka, mama.

Ramonita: Basi. Ila mkono wa kulia nao asiutupe, kuna viazi vya kuchimba akija likizo.

Tukacheka wote, hata Desimali, ambaye tayari alikuwa ananiomba kipande cha karatasi cha kuandikia, na Jicho tayari anamwambia kwamba yeye alishakuwa na wasiwasi na mkono ule wa kulia tangu zamani. Nikawaacha waendelee. Kahawa ilikuwa imekwisha, nikaingia ndani kuteka maji ya birika jingine.

Nilipotoka, benchi lilikuwa tupu upande mmoja. Mama Ramonita alikuwa ng'ambo ya barabara na viatu vyake vya kanisani, ameukunjua ule mfuko aliokuja nao wa kubebea nguo za mwanawe, anaokota kungu na kuzitia ndani moja moja, na Esmailin anamwangushia nyingine.