Bi Mwanakuu binti Gunga na Miwaridi Kumi na Miwili

Akina mama mliokaa mikekani, Yasini tumeisoma na dua mmeiitikia, sasa kabla ya sinia kuletwa familia inaomba masikio yenu kwa habari za maisha ya Bi Mwanakuu binti Gunga, tuliyemzika juzi, na inaomba zisikizwe mpaka mwisho, kwa sababu nusu yake wengi wenu mmekuwa mkiisimulia tangu mwaka 1907 bila ya kuwa na hakika nayo.

Bi Mwanakuu alizaliwa Kuze, hapa hapa Mji wa Kale, siku ya nne ya mwezi wa Mfunguo Tatu, ambao kwa hesabu ya Kizungu ulikuwa Machi 1869, mtoto wa pekee wa mzee Gunga, fundi wa chokaa, na Bi Mwanakhamis, mtunga maua. Alitiwa chuoni kwa Mwalimu Shariffa akiwa na miaka sita, akahitimu msahafu akiwa na kumi, akijua kusoma na kuandika herufi za Kiarabu, na chuo chake cha pili kilikuwa uani kwa mamake, penye mwaridi wa siku nyingi. Hapo alifundishwa kwamba mwaridi, kama mgomba, hutoa watoto mizizini, na mtoto akifika goti, mvua za mwaka zikianza, huchimbwa pamoja na kipande cha mzizi, akapandwa kivulini mpaka ashike, na shina la mama likizeeka hukatwa ili watoto wapate nafasi. Kila bibi harusi wa ukoo ule alitoka kwao na mtoto mmoja wa mwaridi ule, na kila mtoto alichanua sawasawa na mamake, hakuna aliyewahi kuona vyengine.

Tarehe 12 Agosti 1886 aliolewa na Awadh bin Yeslam, mshona makubadhi wa Mkanyageni, wakajaaliwa watoto wawili, Afaf, aliyezaliwa 1888 akachukuliwa na ndui mwaka 1891, na Mona, aliyezaliwa tarehe 3 Februari 1893, ambaye yuko nasi. Kazi yake ilikuwa kutunga vikuba vya kuvaa kifuani, asumini na mawaridi ya harusi, na kwa miaka ishirini hapakuwa na nyumba ya heshima iliyomtoa bibi harusi bila ya mkono wake, nanyi mnajua, kwa kuwa wengine humu aliwapamba.

Januari 1904 Bwana Jusab, mfanyabiashara wa nguo, aliagiza kutoka Bombay miche kumi na miwili ya miwaridi myekundu, kwa ajili ya harusi ya binti yake Khatoon iliyokuwa mbele, na kwa kuwa bustani yenyewe ilikuwa ndani ya ua wa wanawake, asikoingia mwanamume wa kando, mkewe Bi Razia akamwita Bi Mwanakuu aitunze. Mwaka wa kwanza ilichanua maua mekundu makubwa kama vikombe vya kahawa, na mwaka wa pili mizizini yakatoka machipukizi yenye nguvu, naye akafurahi, akamwambia Bi Razia kwamba Mungu amewazidishia, kumi na miwili itakuwa arubaini. Akayachimba kwa mizizi yake, akayapanda, akayamwagilia, na mashina ya zamani yalipoanza kudhoofika akayakata, kama alivyofundishwa.

Machi 1907, mwezi mmoja kabla ya harusi, miche yote arubaini ilichanua, na maua yalikuwa madogo, meupe, petali tano tano, yanapukutika kabla ya adhuhuri.

Bi Razia aliwaita wanawake wa mtaa wakaone, akasema mbele yao, "Mwanakuu, nilikupa mawaridi, umenirudishia miba. Yangu umemuuzia nani?" Naye akajibu, "Bibi, hawa wote ni watoto wa miche yako, nimewalea kwa mkono wangu." Mmoja akasema basi huenda watoto wale wana baba mwengine, wakacheka, na mpaka magharibi mji mzima ulishajua kwamba ameyauza kwa Wazungu, ingawa hakutajwa Mzungu hata mmoja wala nyumba wala siku, na hakuna aliyeuliza.

Tangu hapo hakuitwa tena kwenye harusi. Miche aliyotupiwa mlangoni aliichukua, akaipanda uani kwake, akaitilia samadi na maji ya kuoshea samaki, miaka minne, akingoja hata ua moja jekundu limtetee, halikutoka. Mumewe Awadh alifariki tarehe 9 Novemba 1909, akiwa bado anamuuliza, kwa upole, kama kweli hakuuza hata mmoja.

Tarehe 6 Juni 1911 Khatoon alikuja na karatasi ya Kigujarati aliyoikuta katika kasha la babake, akaisoma na kuifasiri. Ilitoka kwa muuzaji wa Bombay, nayo ilieleza kwamba miwaridi ile ni ya kubebeshwa, yaani juu ni mwaridi mwekundu na chini ni mizizi ya mwaridi wa mwituni, umefungwa mmoja juu ya mwengine, na kila chipukizi linalotoka chini ya fundo hilo ni la mwituni, ling'olewe upesi, likiachwa litauua ule mwekundu. Khatoon akasema Nuruddin, karani wa Bwana Jusab, aliisoma siku ya kwanza, akaiweka, akisema mtunga maua karatasi ataifanyia nini. Sasa nauliza, kosa lilikuwa la mwenye kulea alichopewa, au la mwenye kuficha alichoambiwa?

Bi Mwanakuu aliuliza jambo moja tu, "Utaisoma mbele ya mamako?"

Khatoon akasema, "Siwezi, Bi Mwanakuu. Baba yuko hai." Akaikunja, akaondoka nayo.

Mara tatu Bi Mwanakuu alikwenda mlangoni kwa Bi Razia, na mara tatu akaambiwa Bibi amelala.

Mwaka 1912 alianza kuugua safura, miguu ikavimba, pumzi ikapungua, akatibiwa na tabibu Shamsudin na baadaye hospitalini, na tarehe 17 Septemba 1914, saa nne asubuhi, alifariki, akiwa na miaka arubaini na mitano.

Tunamshukuru tabibu Shamsudin ambaye hakuchoka, na waganga wa hospitali, na majirani wa Mkanyageni waliomuosha na kumkafini, na watunga maua wenzake wawili waliokuja, wengine walitoa udhuru. Tunamshukuru na Bi Razia kwa mchele aliouleta, umeshapikwa, mtaula sasa hivi, na Khatoon kwa sukari, ingawa mwenyewe hakufika.

Bi Mwanakuu, habari zako zimesomwa leo mbele ya wanawake kumi na tisa, karatasi hatuna, na mtaa utaendelea kukuita ulivyokuita. Mola akujaalie huko utulivu ambao huku hatukuweza kukupa.