Tumbo la Depo

Benchi lenyewe ni ubao uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibanda cha kahawa cha Dokta kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, na wanaolikalia asubuhi ni wale ambao hawana pa kwenda. Dokta hajasomea udaktari. Alifagia duka la dawa kule Uvira, jina likamganda. Pembeni yake hukaa Raporo, mzee Mrundi anayejua habari za kila nyumba kabla mwenye nyumba hajazijua. Wa tatu ni Nahayo, ambaye siku hizi wanamwita Depo, kama ghala za nafaka za Kanengo, kwa ajili ya tumbo lake. Utani huo hauna ubaya, lakini ukweli usemwe: tumbo hilo limemponza. Lilianza kukua alipopewa dawa za kichwa hospitalini Lilongwe, zile zilizoinyamazisha sauti iliyokuwa ikimwambia usiku kucha kwamba wauaji wamefika. Sauti ikaondoka, njaa ikaja, akawa anakula kila alichoona. Kwenye mkutano wa mtaa majirani walipoulizwa nani anajiweza, macho yote yakaenda tumboni kwake. Chakula cha msaada kikakatwa, cha mkewe Ernestine na cha watoto pia. Wiki ijayo ataitwa tena mkutanoni ajitetee.

—Depo, mukaba wako unarudi nyuma, alisema Raporo. Ma tundu ya zamani inaonekana.

Nahayo alishika mkanda wake. Alifurahi, na furaha hiyo hiyo ikamtia hofu.

—Bon. Wiki yenye inakuya batakuona mwembamba, batakurudishia unga, alisema Dokta akimimina kahawa. Mi nilisemaka, ile komprime iko na chumvi. Chumvi inashika mayi mu nyama. Ile tumbo haiko mafuta, iko mayi tu.

—Mayi gani? Ile dawa inatoka Kanengo, kwenye banatengenezaka chakula ya kuku. Bananonesha kuku, banamunonesha na Depo.

—Raporo, we uliona?

—Mukwe wangu njo aliona. Anabebaka magunia kule.

—Sasa kuku iko na wazimu, ipewe dawa ya kichwa?

—We ulishaonaka kuku yenye akili?

Wakacheka, na Nahayo akacheka nao. Alipenda kuwa pale. Zamani alipougua, benchi zima lilikuwa likihama akija.

—Na muganga wa Lilongwe alikwambia nini? aliuliza Dokta.

—Alisema nisiache dawa mi peke yangu, alijibu Nahayo. Kama tumbo inanisumbua nirudi, bataangalia kama iko ingine ya kubadilisha. Alisema nitembee sana, nipunguze sukari na nsima, ule ugali ya huku, nikule mboga mingi.

—Apunguze nsima, alisema Raporo. Ile yenye balimukatia, ao ile yenye hanaka?

Hapo hawakucheka sana.

—Kukonda iko na njia yake, Dokta akaendelea. Unameza Siku ya Mungu tu, ukitoka kanisani. Zile siku zingine unaacha damu ipumuke.

—Ata Siku ya Mungu aache, mpaka mukutano ipite, alisema Raporo. Na nikwambie ingine: bale benye kupeleka bantu Canada banapimaka kilo. Mutu wa kunona na dawa, ndege inamukatala. Njo maana dosye ya Depo, ma karatasi yake ya safari, inalala.

—Kwa hiyo akonde, akule, apande ndege, alisema Dokta.

—Njo vile.

Nahayo alikunywa kahawa yake taratibu. Wenzake hawakujua kwamba ushauri wao umechelewa. Tangu mwezi uliopita alikuwa akificha kidonge chini ya ulimi mpaka Ernestine ageuke, kisha anakwenda kukitema chooni. Hakuwa mkaidi. Watoto walikuwa wakilala bila kula kwa sababu ya mwili wake, na aibu ya jambo hilo ilimzuia kumeza. Alijipangia mwenyewe kwamba akishakonda na chakula kikirudi, ataanza tena kama kawaida.

Mama mmoja Mnyarwanda aitwaye Mukakarangwa, aliyehamia mtaani majuzi tu, alikuja na kipande cha bati kuomba makaa ya moto. Alisimama akiwasikiliza wakati Dokta akimchagulia makaa. Kaka yake alikuwa na ugonjwa wa kichwa kama huo, na kila uliporudi ulianza kwa kumnyima usingizi, kwa hiyo hakulitazama tumbo la Nahayo. Alimtazama macho, yalivyoiva wekundu.

—Pole papa, akasema. Siku hizi unalalaka?

Dokta alibaki na kaa lake juu ya koleo. Raporo akageuka kumtazama Nahayo usoni. Miezi yote hiyo walikuwa wamelijadili tumbo, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumuuliza hivyo.

—Usiku, papa. Unalala?

Nahayo alitaka kusema analala. Lakini mtu mwingine alikuwa ameshatangulia kusema, karibu kabisa na sikio lake, upande ule wa ubao ambao hakuna aliyeukalia. Alimwambia asijibu, mwanamke huyu ametumwa. Nahayo aliitambua ile sauti. Aliogopa sana, akainamisha kichwa, akanyamaza ili aisikie vizuri.