Mbuzi wa Wingwi Mlangoni

Mheshimiwa Ofisa Elimu, Shehe wetu, wazazi mliotoka karibu na mbali, walimu wenzangu, wanafunzi, na wewe Bi Khairat, mwalimu wetu wa Biolojia tunayekuaga leo: Assalaam alaykum.

Nimetakiwa niseme machache juu ya somo alilolipenda Bi Khairat kuliko yote, kinga ya mwili iliyomo utumboni. Nitaweza wapi mimi, mwalimu mkuu ninayelijua tumbo kwa kulijaza tu? Afadhali niwasimulie harusi ya binti yangu, Kauthar.

Mlangoni tulimweka mdogo wangu Hudhaifa, yule pale anayejificha nyuma ya nguzo, maana sinia za pilau hazikosi wavamizi. Mara akatokea Mzee Silima, baba wa bwana harusi, kutoka Wingwi, vumbi mwili mzima, anakokota mbuzi jike wa zawadi. Hudhaifa hakumjua. "Hatununui mbuzi hapa, nyama tunayo! Nenda sokoni!"

Mzee akawageukia watu wake aliokuja nao. "Turudini kwetu. Ndoa haipo."

Kauthar, hina haijamkauka, akaangua kilio ndani. Baba yake nilikuwa wapi? Jikoni, naonja.

Aliyetoka ni Bi Khairat. Akaishika ile kamba kwa mkono wake: "Mkwe, mlinzi wetu ana bidii, ila hajafunzwa. Piteni, hapa ni kwenu." Mzee akacheka, na ndoa ikafungwa.

Kisha Bi Khairat akamkalisha Hudhaifa. "Mwanangu, sehemu kubwa ya askari wa mwili wamo utumboni. Kutwa wanapitiwa na vyakula vigeni na vijidudu chungu nzima, vingi kati ya hivyo vinatufaa. Askari akimpiga kila mgeni, ataumia nani? Utumbo wenyewe! Ndiyo maana wapo askari ambao kazi yao ni kuwatuliza wenzao. Adui azuiwe, mgeni apite, mwili ukae sawa."

"Na mimi je, Bi Khairat?"

"Wewe nusura uiharishe harusi yetu."

Walimu wenzangu, tulipokuwa tukivutana kwa ajili ya ratiba hadi chai ikapoa, nani alikuwa akitutuliza? Na kesho tukianza tena, tutamwita nani?

Bi Khairat, mbuzi yule hatukumchinja. Kauthar alimfuga, na mbuzi huyo amezaa. Mtoto wake ndiye zawadi yako, na Mzee Silima yuko naye nje sasa hivi.

Hudhaifa, toka nyuma ya nguzo, mwanamume, ukawafungulie mlango.

Ahsanteni nyote kwa kunisikiliza na kunivumilia.