Kidude Kilichochomekwa Kwenye Simu

Bwana asifiwe sana, ndugu zangu! Naanza na kosa kabla hamjanipigia makofi. Nilimtoa mama yangu hospitalini hapa Kibaha, nikamrudisha kwake Kibuta, Kisarawe, maji yakiwa bado yamelizunguka pafu lake.

Mimi ni fundi simu, Maili Moja. Nilijifundisha mwenyewe, kwa hiyo siamini kitu mpaka nikifungue. Skrubu moja naikaza mara tatu. Sasa daktari, dada mdogo tu, akaja na kidude kama mashine ya kunyolea, akakichomeka kwenye simu. Akasema ni ultrasaundi, itamwonyesha pa kupitisha sindano achukue kinyama cha utando wa pafu, maana vipimo vya makohozi na maji havikuonyesha ugonjwa. Ndugu zangu, simu yenyewe ilikuwa na kioo kilichopasuka! Nikawaza, huyu anajifunzia kwa mama yangu. Na ultrasaundi si ya wajawazito?

Mama akacheka kwa tabu. "Mwanangu, basi muulize, wa kike au wa kiume?"

Sikucheka. Nikamkataza kusaini fomu ya kukubali sindano, tukaondoka.

Kule Kibuta mama alilala ameketi. Niliomba, lakini rohoni nilijua ni kiburi changu kinachomkaba. Asubuhi moja nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaanza, "Mara..." Pumzi ikaisha. Hakuweza kumalizia.

Siku hiyohiyo nikamrudisha. Daktari hakunisema. "Fundi, njoo uangalie mwenyewe." Kwenye kioo kilekile nikaona maji, meusi, na pafu likicheza kila mama alipovuta pumzi, na utando ulionenepa upande mmoja. Mnadhani niliamini? Nikamwambia, "Pima tena." Akapima mara tatu bila kununa, akaweka alama ya kalamu palepale. Akachoma ganzi, kisha sindano ya kinyama. Nilishika chuma cha kitanda nikisema, Yesu, mwongoze mkono huyu.

Majibu yakatoka: TB ya utando wa pafu. Ina dawa! Haleluya! Mungu alikuwa amejibu tangu siku ile ya kwanza, mimi nikamkatalia kwa sababu ya kioo.

Ndugu yangu uliyemficha mgonjwa nyumbani, shaka si dhambi. Uliza, hata mara tatu, lakini uliza ukiwa hospitalini. Mtumaini Bwana, umrudishe mgonjwa wako.

Mama amemaliza dozi. Mimi skrubu bado nakaza mara tatu. Lakini leo asubuhi nimemwamkia, akaitikia marahaba nzima, na pumzi ikabaki ya kunigombeza kwamba tunachelewa ibada.